Safu ya Nne

Kabale huamka na ukungu wake yenyewe.
Unashuka vilimani tuta kwa tuta,
kama mtu anayezijua ngazi za kwao,
unaketi juu ya mabati ya zahanati,
na saa mbili, ninapofungua daftari,
nauongezea wa kwangu.

Pumzi moja tu, dunia inafutika.
Benchi, foleni, kalenda ya duka la mbegu,
vyote vinakuwa maziwa.
Nikishusha barakoa, muuguzi Kebirungi anakohoa makusudi.
Nikiipandisha, mimi ni kipofu mwenye kalamu.

Wiki ya kwanza nilimpeleka mjamzito
kwenye foleni ya meno.
Alirudi akicheka, mkono kiunoni:
"Huyu hajaota hata moja."

Ushauri ulinijia bila kuuomba.
Sabuni ya mche: paka, futa kwa leso, usisuuze.
Nilipaka. Nikaona upinde wa mvua mchana kutwa.
Waya wa daftari kuukuu, ushone puani.
Nilishona. Ulidumu hadi Alhamisi, ukanichoma.
Plasta juu ya pua, hiyo ilifaa,
lakini plasta ni za wagonjwa,
na Kebirungi huzihesabu.

Ukungu, basi, hufutika. Kifua ndicho kilichonishinda.
Adhuhuri, nyuma ya kitambaa,
hewa yangu inanirudia ya moto, imeshatumika,
kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu.
Moyo unakimbia, mimi nimekaa.
Navuta. Navuta tena. Hakuna kinachoingia.

Mzee Tibemanya alinisikia kabla hajanisalimu.
Mapafu yake, alisema, aliyaacha mgodini,
kwenye vumbi la wolframu,
enzi za nyundo mkononi
na kitambaa kilicholowekwa maji puani.
Kiswahili chake cha machimboni,
changu cha kambi ya jeshi, baba alikokuwa koplo.
Tukakutana katikati.

"Binti, unamimina kwenye mtungi uliojaa.
Mwaga kwanza.
Toa polepole, kama unayepoza uji
wa mtoto wa jirani, mama yake akikutazama.
Kisha tulia. Itaingia yenyewe.
Hewa haiburutwi."

Nikatoa. Miwani, bila shaka, ikaziba kabisa.
Sikuifuta.
Nikahesabu hadi sita katika giza lile jeupe
na foleni nzima ikanijia masikioni:
filimbi nyembamba ya mtoto aliye mgongoni,
pumzi mbilimbili za mama aliyekimbia kutoka stendi,
kijana anayeibana yake, anaogopa sindano,
na ya mzee, mlango wa ghala
unaofunguliwa usiku na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.
Ukungu ukaanza kujitoa, ukingoni kwanza,
hadi nikaona kifungo cha koti lake,
kisha kidevu, kisha jicho likicheka.

Tangu hapo huja kila mwezi.
Safu ya kwanza jina, ya pili umri,
ambao hukadiria upya kila mara,
ya tatu kijiji,
ya nne: sababu ya kuja.
Wengine homa, kidonda, jino, mimba.
Yeye husema, "Andika pumzi."
"Imezidi au imepungua, mzee?"
"Andika pumzi. Mengine ataongeza daktari."

Leo nimemsikia kwenye ngazi.
Ngazi ni nne. Amepumzika mara tatu.
Amekaa, fimbo katikati ya magoti,
barakoa yake ya kitenge imefuliwa, inanukia jua.
Hajasema neno.
Nimeinama niandike, kioo kimeziba,
kalamu iko hewani, juu ya safu ya nne.
Natoa polepole.
Upande wa pili wa meza, naye anatoa.
Foleni inatusubiri.